Magunia Sita Yaliyolingana

Mwezi wa Oktoba Songea hujaa moshi. Watu wanachoma mashamba kungojea mvua, na moshi unalala juu ya mji mpaka milima ya Matogoro inapotea kabisa, halafu jioni inarudi taratibu, ya buluu, imekaa pale pale. Ninapoikumbuka kazi yangu ya kwanza ndivyo ninavyoiona: milima ikienda na kurudi, na mimi dirishani na penseli mdomoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, msichana wa Kondoa niliyepangiwa kazi mahali nisipomjua mtu. Nilipanga chumba Bombambili, na kila asubuhi nilipanda baiskeli kwenda kwenye kituo kidogo cha utafiti wa kilimo, nje kidogo ya mji. Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko mshahara. Jirani zangu waliponiuliza ninafanya kazi gani niliwaambia nahesabu mahindi. Walicheka, nami nikacheka nao, maana sikuwa nimewadanganya.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mbolea ambayo zamani ushirika uliileta mpaka kijijini sasa ilikaa madukani mjini, na kila ulipogeuza shingo ilikuwa imepanda bei. Kituo chetu kikaambiwa kitafute jibu la swali moja: mkulima wa huku apande mbegu ipi, ile mpya ya dukani au ile ya kienyeji aliyorithi? Na je, jibu ni hilo hilo kwa mwenye mbolea na kwa asiye nayo?

Tukachagua mashamba manne ya wakulima, kila moja katika kijiji chake. Kila shamba tuliligawa viwanja sita vinavyolingana. Vitatu vilipandwa mbegu mpya na vitatu mbegu ya kienyeji, na katika kila vitatu kimoja hakikupata mbolea, kimoja kilipata nusu ya kipimo, kimoja kipimo kamili. Sita mara nne, ishirini na nne. Nilivijua viwanja vile vyote ishirini na vinne, hata vile vilivyokuwa vinanichukia.

Shamba la nne lilikuwa la mama mmoja mjane, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari huku akipukuchua mahindi, na mimi ni Mwislamu. Kila nilipokuwa kwake saa ya adhuhuri nilikuta mkeka umeshatandikwa upande wenye kivuli, na kuku wamefukuzwa. Hakuwahi kuniuliza kitu juu ya hilo. Nilimpenda mapema, kabla sijamfahamu vizuri.

Mbegu yake ya kienyeji ilitoka kwa mama yake mzazi. Aliitunza jikoni, mahindi yamefungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya moto, meusi kwa masizi. Wengine kijijini walikuwa wameshachanganya mbegu zao na za dukani. Yake peke yake ilikuwa safi, kwa hiyo ndiyo tuliyoipanda mashamba yote manne. Mahindi yaliyovunwa viwanjani hayakufaa tena kuwa mbegu, kwa sababu chavua ya mbegu mpya ilikuwa imeyaingia. Zile zilizobaki juu ya moto wake ndizo zilizobaki duniani, kwa kadiri nilivyojua mimi.

Na yeye alikuwa na shida yake. Moto mmoja, dari moja, shamba moja. Asingeweza kupanda zote mbili, zingechanganyika. Alisema atangoja karatasi yangu. Ikisema mbegu mpya ni bora, atazishusha za mama yake azile, maana Oktoba chakula huwa kidogo. Ikisema za kienyeji, zitabaki. Alisema hivyo akitwanga, bila uzito wowote, na mimi nikaitikia sawa mama.

*

Sasa niseme habari ya siku ya mavuno, kwa sababu kosa lote liko hapo.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Songea ina baridi ya kukufanya umlaumu aliyekupangia kituo. Nilitoka Bombambili ukungu ukiwa bado umekaa barabarani. Njiani kuna mwamba mkubwa unaoota jua mapema kuliko kitu kingine chochote, nikasimamisha baiskeli nipashe vidole moto. Nikakaa. Jua likanipanda magotini, kisha mapajani, kisha kifuani. Nilisikia maji ya kijito mahali fulani chini, na mtu akiita ng'ombe, na sauti ile ikawa inatoka nyumbani, ya baba yangu, nami ni mdogo na sina haraka ya kwenda popote. Nilipofumbua macho kivuli changu kilikuwa kimehamia upande wa pili.

Nilipofika kwa mama kazi ilikuwa imekwisha. Magunia sita yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja na kibao cha kiwanja chake kimefungwa shingoni kwa kamba. Tulitundika mizani kwenye tawi la mwembe tukayapima. Yalikaribiana sana. Nakumbuka niliridhika, nikaona namna yalivyokaa vizuri pale ukutani. Fomu ilikuwa na mstari mmoja mwishoni: nimeshuhudia uvunaji na ujazaji wa kila kiwanja. Nikaweka sahihi, nikanywa uji, nikarudi zangu.

*

Hesabu nilianza Oktoba. Kompyuta hatukuwa nayo. Nilikuwa na kikokotoo cha jua ambacho moshi ulipozidi kilififia, nikakipeleka dirishani kiote jua. Mkuu wetu wa kituo, mzee mkimya aliyechonga penseli zake kwa wembe, alikuwa na sheria moja: kila hesabu mara mbili kwa penseli, ya tatu kwa wino. Ikitofautiana, unaanza upya, na yeye haulizi kwa nini.

Hesabu yenyewe ina jina la kutisha, uchambuzi wa tofauti, lakini ndani yake kuna swali ambalo hata mtoto angeuliza. Mavuno hayalingani. Kutolingana huku kumetoka wapi? Unachukua tofauti yote iliyopo, unaigawa kwa wenyewe. Hii imeletwa na shamba, maana ardhi si moja. Hii imeletwa na mbegu. Hii imeletwa na mbolea. Hii imeletwa na mbegu na mbolea kukutana, na hiyo inaitwa mwingiliano. Kinachobaki bila mwenyewe unakiita makosa, na kila kingine unakipima kwa hayo makosa: kimeyazidi mara ngapi?

Kila mmoja anapewa pia digrii zake za uhuru, yaani idadi ya tofauti zilizo huru kubadilika. Jina hilo lilinifurahisha tangu chuoni. Viwanja ishirini na vinne vina digrii ishirini na tatu. Mashamba yanachukua tatu, mbegu moja, mbolea mbili, mwingiliano mbili, na kumi na tano zilizobaki ni za makosa. Niliona vizuri kwamba kwenye kituo chetu chote makosa ndiyo yaliyopewa uhuru mwingi.

Siku zile nilikuwa mtu mwenye raha. Nilijumlisha, nikazidisha kila uzito kwa wenyewe, nikajumlisha tena. Tarakimu zilikuwa zinapita na mimi naona viwanja: hiki chenye mchwa, hiki mbuzi alikiingia mara moja. Wakati mwingine nilikuwa simo ofisini kabisa. Miti ya miombo nje ilikuwa inatoa majani yake mapya mekundu kabla ya mvua, na niliangalia wekundu ule mpaka nikasahau nimefika tarakimu ya ngapi. Basi naanza upya. Hakuna aliyenigombeza.

Siku ya nne majibu yalitoka. Mbegu mpya ilikuwa bora kwa wastani, tena wazi. Mbolea, wazi zaidi. Mwingiliano ulihitaji kuyazidi makosa mara tatu nukta sita nane ili jedwali la kitabuni liukubali, na wangu ulikomea chini yake kidogo tu. Maana yake ni hii: mbegu mpya ni bora, na hakuna ushahidi kwamba ubora huo unategemea mbolea. Mwambie mkulima yeyote apande mpya, awe na mbolea au asiwe nayo. Ushauri mfupi, unaoenea kwenye karatasi moja, mkuu angeupenda.

Lakini nilikuwa nimezoea kuchora. Nikachora mistari ya kila shamba, mstari wa mbegu mpya na mstari wa kienyeji, mbolea ikiongezeka kwenda kulia. Shamba la kwanza mistari ilipishana: pasipo na mbolea, ya kienyeji iko juu; penye mbolea kamili, mpya imeruka imeiacha mbali. Shamba la pili, vile vile. La tatu, vile vile. Shamba la nne, la mama, mistari miwili ililala pamoja, bapa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Niliiangalia muda mrefu. Shamba ambalo mbolea haifanyi chochote. Halipo shamba la namna hiyo Songea, na mimi nililiona lile kwa macho yangu mwezi wa tatu, viwanja visivyo na mbolea vikiwa vya njano kabisa. Ubapa ule ndio uliokuwa umeushusha mwingiliano na kuyanenepesha makosa. Nikakumbuka jinsi magunia yalivyokaa vizuri ukutani, nikaiweka penseli chini.

*

Kesho yake nilikuwa kwa mama asubuhi mapema. Alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karatasi imekwisha?"

Nikamwambia bado kidogo, nina swali la siku ya mavuno. Yale magunia sita, yalijazwaje?

Akaegemea ufagio. Alikuwa na watoto sita, wote watu wazima wenye familia zao, na kila mmoja alikuwa amempa kiwanja kimoja akipalilie tangu mwanzo, na kituo kilikuwa kimesema mahindi ni ya mwenye shamba. Hilo nililijua. Nililokuwa silijui ni kilichofuata.

"Tulikungoja," alisema. "Jua likapanda, wenzio wana watoto mgongoni, wanataka kuondoka. Sasa yule binti yangu wa mwisho kiwanja chake kile cha njano, amepata debe na kidogo. Kaka yake gunia limejaa mpaka halifungiki. Wamelima sawa, wametoka jasho sawa. Atarudi kwake anaangaliwa vile? Kwetu sisi tukishavuna tunasawazisha kwanza. Nikatoa kwa aliyejaa nikatia kwa aliyepungua, mpaka ikawa sawa. Ndo ukaja wewe na mizani. Nilijua unahakikisha sijapendelea."

Akacheka. Aliona fahari, na kweli alikuwa amegawa vizuri. Mizani yangu ilimshuhudia. Kama ningefika kwa wakati ningepima kwanza, wao wangesawazisha baadaye, na hakuna ambaye angekosea. Mwamba ule wenye jua ndio uliokosea, na juu ya mwamba nilikuwa mimi.

"Sasa hizi za mama," akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Nishushe au niache?"

Nilikuwa ninajua jibu. Bila shamba lake, mistari mitatu ilikuwa inasema kitu kimoja: pasipo mbolea, usiiache mbegu yako. Na yeye mbolea hakuwa nayo wala hakutarajia. Lakini kumwambia aache kulikuwa na maana ya kusema karatasi yangu ina kosa, na kosa lina sahihi yangu. Mwaka ule serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Orodha ilikuwa inaandaliwa, kila ofisi watu wanatembea kwa ncha za vidole, na mimi nilikuwa mgeni, wa mwisho kuajiriwa, asiye na wa kumsemea. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Mpya ndiyo iliyoongoza, mama."

Haikuwa uwongo kwa hesabu ya wastani. Niliendesha baiskeli mpaka mjini nikijiambia hivyo.

*

Siku tatu nilikaa na siri hiyo. Moshi ulizidi, na Matogoro haikurudi hata jioni. Niliandika ripoti kwa penseli mara ya kwanza, mara ya pili, na zilifanana. Ikabaki wino. Kila nilipochukua kalamu niliona mistari ile miwili imelala. Bado sina maelezo mazuri kwa nini siku ya tatu nilisimama nikaenda. Nadhani nilichoka tu. Niliweka michoro minne mezani kwa mkuu, nikamweleza habari ya mwamba, ya sahihi, ya magunia. Sikulia, ingawa nilikuwa nimejiandaa kulia.

Mkuu alichonga penseli mpaka ikawa fupi.

"Ulilala," alisema.

"Nililala, mzee."

"Toa shamba hilo. Anza upya. Na kwenye ripoti andika kwa nini limetolewa, kwa mkono wako."

Mashamba matatu, viwanja kumi na nane, digrii kumi na saba. Makosa yalibaki na kumi tu, na ukiwa na digrii chache jedwali linakubana zaidi: sasa mwingiliano ulihitaji kufika nne nukta moja sifuri. Uliifikia, ukaipita, ukaendelea kupanda. Nilirudia mara mbili kwa penseli. Nilirudia kwa wino. Kwa mwenye mbolea, mbegu mpya. Kwa asiye na mbolea, mbegu ya kwake. Nilifurahi mno, furaha safi kabisa ya hesabu inapokaa mahali pake, na nilikuwa nimeshafika nusu ya barabara juu ya baiskeli ndipo nikaanza kuhesabu siku tangu nilipomjibu mama, badala ya kilo. Jina langu, niseme hapa hapa, halikuwemo kwenye ile orodha. Nilipata barua ya onyo, nayo nilistahili.

Nilimkuta mama jikoni, anapika kande. Alifurahi kuniona.

"Umekuja saa ya chakula, kaa."

Juu ya moto kamba zilikuwa zinaning'inia bila kitu.

"Niliwaita watoto wote juzi," alisema. "Nimewagawia, kila mtu fungu lake. Walikuwa hawana kitu majumbani, walifurahi sana. Zilizobaki ndo hizi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu mwamba, na orodha, na kwamba siku ile alipoonyesha kwa kidevu nilikuwa tayari nimeiona michoro. Yeye alikoroga. Moshi ulikuwa unatuchoma macho wote wawili, na nilishukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa ninajua, mama."

"Ungesema tu, mwanangu. Mimi ningengoja."

Hakulisema kwa hasira. Alipakua kande bakulini akaniwekea mbele, nami nikala, kwa sababu kumkatalia chakula kungekuwa tusi jingine. Yalikuwa mahindi matamu, yenye harufu ya moshi, na nilitamani koo langu ligome. Jioni ile na kesho yake nilizunguka nyumba zote sita za watoto wake. Walinikaribisha vizuri kila mahali. Kila mahali yalikuwa yameshasagwa.

Mvua ilianza baada ya wiki mbili. Niliomba ruhusa nikaenda kumsaidia kupanda. Mbegu za dukani zilikuwa zimepakwa dawa nyekundu, na viganja vya mama vikawa vyekundu. Yeye alitangulia akichimba kwa jembe na kudondosha punje mbili mbili, akinisimulia habari za mjukuu wake aliyeanza shule, na mimi nilifuata nyuma nikifukia kwa mguu. Mbolea haikuwepo. Nilifukia kila shimo nikijua kitakachotoka, kwa kilo.